Saa Inayosimama Ukiitazama

Kijiwe chetu kiko Bariadi mjini, ubavuni mwa duka la Hanif, pale barabara inayotoka Dutwa inapokaribia soko. Kina benchi moja la ubao uliong'olewa kwenye tela bovu la kubebea pamba, jiko la mkaa la Mashaka na birika lake la kahawa, na kimeza changu chenye saa kumi na nane ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Mimi ni fundi saa. Jina langu Luhaga, lakini hapa naitwa Dakika, kwa sababu mteja akiniuliza saa yake itakuwa tayari lini namjibu "dakika moja tu", kisha akirudi baada ya wiki tatu namjibu hivyo hivyo bila kupepesa. Wengine ni Hanif mwenyewe, anayekaa nje ya duka lake kuliko ndani. Mashaka muuza kahawa. Ndalahwa, tunayemwita Mkoa kwa kuwa alikuwa mhudumu wa kubeba mafaili ofisi ya mkoa hadi akastaafu, ila kutoa maelekezo hajastaafu. Na Shija wa bodaboda, ambaye abiria wakimwita huwaambia wasubiri amalizie hoja. Hakuna jambo duniani tusilolijua. Ndiyo maana hili ninalotaka kusimulia linaniuma kidogo.

Ilikuwa Jumatano, kama saa nne asubuhi. Mwalimu Philomena alikuja akitembea taratibu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alifundisha hesabu huko Migato miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kuhamia mtaa wa Somanda, na nusu ya watu wa rika letu walijifunza kugawanya kwa fimbo yake. Shija alipomwona alisimama haraka, akaficha kikombe mgongoni kama vile kahawa ni kosa la darasani.

— Mwangaluka, alisema Mwalimu.

— Mwangaluka, mayu, tukaitikia wote, kama mtu anavyomwitikia mama yake.

— Shikamoo, Mwalimu, akaongeza Shija.

— Marahaba. Kunywa kahawa yako, Shija, una miaka arobaini na mbili.

Akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na saa ya ukutani, ya duara, yenye mshale mwekundu wa sekunde unaopiga tik, tik. Chini ya namba sita wanafunzi wake wa mwisho walikuwa wameandika majina yao kwa kalamu, madogo madogo, hadi nafasi ikawaishia.

— Luhaga, saa hii inasimama.

— Betri hiyo, Mwalimu. Dakika moja tu.

— Betri nimeweka mpya juzi. Na haisimami moja kwa moja. Inasimama nikiitazama.

Nikadhani nimesikia vibaya.

— Nikiwa nasoma gazeti, akasema, nikainua macho kuitazama, mshale unakuwa umeganda. Unakaa pale muda mrefu kuliko sekunde. Halafu kama umeshtuka, unaendelea. Si kila mara. Lakini kila siku.

Nikaichukua saa. Nikabana lenzi yangu jichoni, lile dubwana jeusi ambalo huwa nalivaa hata nikibadilisha mkanda tu, ili mteja aone kwamba kazi ni nzito. Nikautazama ule mshale dakika nzima bila kuondoa jicho. Ulipiga sekunde sitini, wala haukuchelewa hata moja.

— Saa ni nzima, Mwalimu.

— Una uhakika?

— Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, mayu. Saa hainidanganyi.

Nilisema kwa sauti ya kitaalamu, na nilijisikia vizuri kweli. Mwalimu alikaa kwenye ncha ya benchi, akakunja kitenge mara mbili, akakikunjua.

— Basi ni mimi, akasema.

Hapo ndipo akatueleza. Mwanawe Selestini, anayefanya kazi Mwanza, alikuja mwezi wa saba kumsalimia, na mama katika maongezi akamtajia habari ya saa, kwa kucheka tu. Selestini hakucheka. Alitoa simu, akaipiga saa video dakika moja nzima, akamwonyesha mama yake: tazama, mama, haisimami. Tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila jioni na kumuuliza leo ni tarehe ngapi, amekula nini mchana, kitasa cha mlango amefunga. Mwezi uliopita Mwalimu alimwita mjukuu wake kwa jina la baba yake, na hilo nalo Selestini akaliandika.

— Leo saa nane anakuja na gari, akasema. Nimeshafunga begi. Anasema nyumba ya Somanda tutaikodisha, nikaishi kwake, kuna msichana wa kuniangalia. Dada yangu Milembe alianza hivi hivi, mnajua. Alianza na vitu vidogo. Mwisho alikuwa ananiita mimi Bibi Afya, kana kwamba nimekuja kumkagulia choo.

Mashaka aliacha kupepea moto.

— Nilikuwa naomba unipe karatasi, Luhaga. Uandike tu kwamba saa ni mbovu, na tarehe, na sahihi yako. Lakini kama ni nzima, sitakuomba uandike uongo.

Nikajikuna shingo. Ningekuwa mtu wa maana ningesema neno la maana. Nilichosema ni hiki:

— Labda betri.

Shija, ambaye alikuwa ametazama chini muda wote huo kwa aibu ya kusikia mambo ya mwalimu wake, aliinua kichwa kuitazama ile saa mezani.

— Oyaa! akapiga kelele. Mbona imesimama?

— Imesimama wapi? Inaenda, nikamwambia.

— Sasa hivi inaenda. Nilivyoitazama ilikuwa imetulia tuli. Kama inasikiliza!

Hanif akasema Shija kahawa imemzidi. Akaitazama na yeye, akatazama dukani kwake, akaitazama tena. Nikaona nyusi zake zinapanda.

— Wallahi imeganda. Kidogo, lakini imeganda.

Mkoa naye akaitazama mara tatu, na mara ya tatu akavua kofia. Mashaka akaja na birika mkononi, akachungulia, akamwagia kahawa kiatu cha Mkoa. Mimi nikatazama kiatu cha Mkoa, nikatazama saa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikaona mshale wa sekunde umenisubiri. Ulikaa pale, mwekundu, haupigi. Halafu tik.

Mwalimu alikuwa anatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja.

— Mmeiona?

— Tumeiona, mayu!

Furaha iliyotushika hapo siwezi kuieleza. Na kijiwe chetu kikipata furaha, kinatoa nadharia.

— Hiyo ni mlima, alisema Shija. Mshale ukitoka kwenye sita kwenda kumi na mbili unapanda. Unachoka. Hata pikipiki yangu kilima kile cha kwenda Itilima inapumua.

— Mimi nimeiona ikisimama ikiwa kwenye mbili, Hanif akasema. Kwenye mbili inashuka. Mimi naona ni adabu. Nina kijana wa kuuza dukani, nikimtazama ghafla anasimama kwanza wima, anajifanya yuko makini. Nikigeuka anaendelea na simu yake. Saa nayo ina bosi.

— Ni madini, alisema Mashaka. Wale jamaa waliokuja na mashine kupima udongo huko Dutwa mlidhani waliondoka bure? Chini yetu hapa kuna sumaku. Inavuta mishale yote ya mkoa huu. Hata mimi nikiamka asubuhi kuna kitu kinanivuta chini.

— Huo ni uvivu, Mashaka.

— Uvivu wa kila siku saa ile ile? Sumaku hiyo!

Mkoa alikuwa anangoja. Yeye hupenda kuongea wa mwisho, baada ya kukohoa.

— Ndugu wajumbe, alisema. Tatizo ni la kiutawala. Mnakumbuka tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Tulipogawanywa tukawa Simiyu, mafaili yalikuja kwa lori, mimi mwenyewe niliyapokea. Meza zilikuja, viti vilikuja. Nani alishughulikia muda? Hakuna kumbukumbu. Ni wazi kuna sekunde zetu zilibaki Shinyanga. Saa ikifika kwenye sekunde ambayo haikuhamishwa, inasimama. Inasubiri barua.

— Na kwa nini isimame tukiitazama tu? Shija akauliza.

— Kwa sababu usipoitazama hakuna shahidi, na jambo lisilo na shahidi haliingii kwenye muhtasari.

Tukaitikia kwa vichwa. Nakiri kwamba na mimi niliitikia.

Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa ametazama saa ya mkononi mwa Hanif: ilikuwa saa sita kasoro. Nikamwona, na huruma ikaniingia pamoja na upumbavu, vyote kwa mlango mmoja. Sikutaka mgonjwa awe yeye. Nikaamua mgonjwa iwe saa.

— Lete hapa, nikasema. Naifungua.

— Ulisema ni nzima, akasema Mwalimu.

— Nilikuwa bado sijaichunguza vizuri.

Nikageuza saa, nikatoa betri, nikachokonoa kile kiboksi cheusi cha mashine nyuma yake. Saa kama hizo huwa hazifunguliwi. Ndani mna vigia vya plastiki vyeupe, vyepesi kama maganda ya mbegu. Fundi yeyote anayejiheshimu angekiacha. Mimi nilikuwa na watu wanne wananitazama na mwalimu mmoja, nikaingiza bisibisi, nikaminya. Kiboksi kikafunguka kwa mlio mmoja, pwa, na gia moja ndogo ikaruka juu, ikazunguka hewani vizuri sana, ikaangukia kwenye jiko la Mashaka. Ikatoa moshi mwembamba, na harufu.

Tukautazama ule moshi hadi ukaisha.

— Sasa imesimama kwelikweli, alisema Mwalimu.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu:

— Samahani. Hodi hapa. Ni nani fundi?

Alikuwa dada wa makamo, amejifunga ushungi wa kijani, ameshika saa ya mkononi iliyokatika mkanda. Kumbe alikuwa amesimama hapo tangu Mkoa alipoanza kugawanya mkoa, akasubiri kwa adabu tumalize. Hanif akamtambua: mpangaji mpya wa shemeji yake, anaitwa Muzdalifa, muuguzi wa macho, amehamia kutoka Tabora mwezi huu huu.

— Fundi ni huyu, Shija akasema, akinionyesha kwa kidole nikiwa na bisibisi mkononi, na nyuma yangu moshi. Ila leo yuko kwenye majonzi.

— Nimesikia habari ya saa, alisema Muzdalifa. Nina swali dogo tu, msinielewe vibaya. Hiyo saa inajuaje kwamba inatazamwa?

Mkoa alikohoa, lakini baada ya kukohoa hakikuja kitu. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya meza. Swali lenyewe lilikuwa jepesi hata mtoto wa shule ya awali angeuliza, na sisi tulikuwa tumekaa na jambo hili saa mbili, tumechoma saa.

— Haijui, alisema Mwalimu Philomena polepole. Saa haiwezi kujua.

— Haiwezi, mama yangu. Shikamoo.

— Marahaba. Kwa hiyo ni macho.

— Macho na ubongo. Lakini si ugonjwa. Fundi, hizo saa zako nyingine zinaenda?

Nikamtafutia mbili zinazopiga sekunde. Akazipanga mezani, moja huku, moja kule.

— Tazameni hii, halafu rukeni kwa macho hadi ile. Msikodoe. Rukeni tu. Mrudie mara kadhaa.

Tukaruka. Kimya, watu wazima sita, macho yanaenda huku na huku kama tunatazama mbuzi wakivuka barabara. Wa kwanza kushtuka alikuwa Mashaka.

— Hii nayo!

— Na hii!

Zote zilikuwa zinasubiri. Saa zangu zote, zile nilizokuwa nazo miaka yote. Kazi yangu ni kutazama mshale wa sekunde, ndiyo inanilisha, na sikuwahi kuona hata siku moja. Kwa sababu mimi na lenzi yangu huwa tunakodoa.

— Macho yetu hayatulii, alisema Muzdalifa. Unadhani unatazama kitu taratibu, kumbe jicho linarukaruka, mara tatu hivi kwa sekunde moja. Sasa likiwa katikati ya kuruka, unachopaswa kuona ni mkorogo, kama nguzo za umeme ukiwa kwenye basi linalokimbia. Uliwahi kuuona huo mkorogo?

— Hapana, tukasema.

— Kwa sababu ubongo unakufungia pazia. Jicho linaporuka, unakuwa kama kipofu kidogo, na hujui.

— Mimi siyo kipofu, alisema Mkoa.

Muzdalifa akamwomba Shija asogeze pikipiki. Akamwambia Mkoa ajitazame kwenye saiti mira, kile kioo cha pembeni: atazame jicho lake la kushoto, halafu la kulia, kushoto, kulia.

— Unayaona macho yako yakitembea?

Mkoa alijisogeza hadi pua ikagusa kioo.

— Hayatembei. Yametulia. Nilikwambia.

— Yanakimbia kama panya, Mkoa! Hanif akamwambia. Niko hapa nayaona!

— Hayatembei!

— Yanatembea!

Hanif akamsukuma, akajitazama yeye, na sisi tukayaona macho yake yakienda na kurudi, naye akaapa kwamba hajayaona yakisogea hata kidogo. Tukapokezana kioo. Kila mmoja alikuwa na macho yasiyotembea mbele yake na yanayotembea mbele ya wenzake. Abiria mmoja wa Shija alikuja, akatukuta tumejazana kwenye kioo cha pikipiki tunajipodoa, akaenda kutafuta bodaboda nyingine.

— Na saa je? aliuliza Mwalimu. Pazia limefungwa. Kwa nini mshale usimame?

Alikuwa amesogea mbele ya benchi. Muzdalifa akageuka kwake, na tangu hapo alikuwa anaongea na yeye, sisi tunasikiliza.

— Jicho likitua kwenye saa, mama, ubongo unajikuta una pengo. Kuna muda umepita haukuona kitu. Haupendi pengo. Kwa hiyo unachukua picha ya kwanza uliyoipata ulipotua, ule mshale, na unairudisha nyuma, unasema: hii niliiona tangu nilipoanza kuruka. Ndiyo sababu sekunde ya kwanza inakuwa ndefu. Umeongezewa kipande. Ndivyo tulivyofundishwa, na hata wataalamu wenyewe bado wanabishana kwenye baadhi ya mambo.

— Ngoja, ngoja, alisema Mkoa, na uso wake uling'aa. Kama mtu aliyechelewa kazini. Anafika saa tatu, anafungua daftari la mahudhurio, anaandika saa moja na nusu.

— Hivyo hivyo, mzee wangu.

— Kumbe ubongo ni mtumishi wa serikali!

Alifurahi kupita kiasi. Alizunguka benchi akirudia maneno yale.

— Kwa nini si kila mara? aliuliza Mwalimu.

— Inategemea mshale umepiga lini na jicho limetua lini. Ukitua mshale ukiwa ndiyo kwanza umepiga, utauona umeganda sana. Ukitua umebakiza kidogo kupiga, hutaona kitu.

— Na video?

— Simu haina jicho la kuruka, mama. Na video mtu huitazama kwa kuikodolea.

Mwalimu akaitazama ile saa yake iliyofunguliwa, na majina ya watoto wake wa Migato. Akafunika uso kwa viganja viwili. Tulidhani analia, Shija akaanza kuvuta kitambaa mfukoni, lakini alipoondoa viganja alikuwa anacheka, cheko dogo la mtu aliyeshikilia pumzi miezi mitatu.

— Nilikuwa nalala nikijiuliza kesho nitasahau nini, akasema.

— Sisemi hutaugua kamwe, alisema Muzdalifa. Na uje kwangu nikupime macho, kwa umri huu ni lazima. Ila hili la saa, mama, ni la kila mtu. Wengi hawaoni kwa sababu hawako makini.

— Hawa wanne na fundi wao?

— Mimi ni mgeni hapa, mama. Siwezi kusema.

Selestini alifika saa nane na robo. Alikuwa mtu mwenye adabu, mrefu, shati limepigwa pasi, na alikuwa ameshapitia nyumbani na gari: kwa kioo cha nyuma tuliona begi la Mwalimu na ndoo yake ya buluu. Alitusalimia wote kwa mkono. Kisha akamwinamia mama yake.

— Mama, nimekutafuta nyumbani. Twende, jua hili.

— Kaa kwanza, alisema Mwalimu. Tazama saa hizi.

Akapitisha macho mezani, akaona mashine ya saa ya mama yake imepasuliwa, akanitazama mimi. Nilitazama mbali.

— Mama, tulishaongea habari ya saa.

Mkoa akataka kufungua kikao, Hanif akambana goti. Muzdalifa alisema yeye ni muuguzi, na anamwomba dakika moja tu. Niliposikia maneno yale mdomoni mwa mtu mwingine nilielewa kwa nini wateja huwa hawaniamini. Lakini Selestini alikubali, kwa heshima ya sare ambayo hakuwa ameivaa.

Akaitazama saa. Akaitazama sana. Alikunja uso, akasogea, akaikodolea macho jinsi ambavyo mimi ningefanya.

— Sioni kitu. Inaenda vizuri.

Benchi zima likaishiwa nguvu. Mwalimu alishika ukingo wa ubao.

— Usiikodolee, alisema Muzdalifa. Ukikodoa jicho haliruki. Mtazame mama yako usoni. Hivyo. Sasa ruka kwenye saa.

Akafanya. Hakuna kitu. Akafanya tena.

— Dada, naomba msinichezee. Mimi nina mama mgonjwa.

— Mara moja nyingine tu, baba, alisema Mashaka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Selestini alimtazama mama yake. Safari hii alikaa pale muda mrefu, kwenye uso, kana kwamba alikuwa amesahau kilichofuata. Halafu akaruka. Nikaona mabega yake yakishtuka.

— Eh.

Akarudi usoni kwa mama, akaruka tena kwenye saa. Na tena. Akachukua ile nyingine, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaiangalia. Akavua saa yake mwenyewe ya mkononi, akaijaribu nayo. Aliijaribu mara nyingi. Mwisho akaketi kwenye benchi, kati ya Shija na mama yake, na saa yake mkononi.

— Hii nimeinunua mwaka jana, akasema.

Muzdalifa akamweleza yote, pazia na pengo na daftari la mahudhurio. Mkoa alimsaidia kwenye daftari. Selestini alikuwa anaitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

— Mama, nilidhani… Mama Mkubwa Milembe alipoanza, wewe ndiye uliyesema tulichelewa kuona. Niliogopa kuchelewa tena.

— Najua.

— Sikutaka kukufunga.

— Najua, Selestini. Uliogopa. Na mimi niliogopa, ndiyo maana nilifunga begi mwenyewe. Lakini nikuulize. Miezi hii mitatu ulikuwa unanipigia kila siku, na ulikuja mara nne, ukakaa, ukanitazama. Ulipokuwa unanitazama ulikuwa unaona nini?

Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mwalimu anayetaka kweli kujua mwanafunzi alikosea mstari upi. Selestini aliivaa tena saa yake. Tulingoja. Hata sisi, ambao tuna jibu la sumaku na jibu la Shinyanga, hatukumtupia la kumsaidia. Niliwaza wangapi nimewatazama na lenzi yangu jichoni nikawaambia mambo kwa uhakika, na nikaona afadhali nishughulike na vumbi mezani.

Selestini alinyanyuka. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa begi, akalitua chini. Akatoa ndoo ya buluu. Mwalimu alichukua ndoo, mwana akachukua begi, na gari wakaliacha pale pale mbele ya duka la Hanif, wakaondoka kwa miguu kuelekea Somanda, mama mbele.

Walipofika kwenye kona, Shija alishindwa kuvumilia:

— Kwani angejibu nini?

Tulimtazama Muzdalifa. Muzdalifa akanipa saa yake yenye mkanda uliokatika, akasema hilo hawakufundishwa. Mashaka akainua birika akiwa tayari kumimina, akaligeuza kabisa juu chini, na likatoka tone moja, likaanguka kwenye mkaa.